Kiziwi Abebwe, Kiziwi Kibebwe

Mchukuzi alipanda ukuta wa jumba la ghorofa kama mjusi anayenyemelea inzi, bila kamba wala ngazi. Nyayo zake sita zilinyonya kioo, zikaachia, zikanyonya tena. Kila alipofika dirishani alitoa mikono laini kama mto wa sufi, akamkumbatia mtu na kushuka naye polepole. Wakati huo majumba ya Morogoro yalikuwa yamefikia mawingu ya Uluguru, na moto ukizuka huko juu, nani angewahi? Ndiyo maana mashine hii ikaundwa, na watu walivyoipenda wakaisema kama jirani: mchukuzi kaja, mchukuzi kapita.

Maagizo yake yaliandikwa kwa Kiswahili kitupu, na uhai aliutambua kwa kiambishi. Ukisema a, huyo ana roho, abebwe kwanza. Ukisema ki, hicho ni kitu, kitabebwa baadaye.

Semeni Mkude, mwandishi wa programu, ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua mfumo endeshi, yaani ile akili ya ndani inayoamsha mashine na kuisimamia, pamoja na zana za kuandikia maagizo. Mifumo ilikuwa miwili. Radi ilikuwa ya ajabu, tusiseme uongo: unatamka nusu ya sentensi, yenyewe inamalizia, inapanga, inajaribu, na chai yako haijapoa. Ngeli ilikuwa na maswali kama mwalimu wa darasa la nne, haivuki neno mpaka umelijibia.

Semeni akachagua Radi. Injinia Chuwa, mkubwa wake, alimtania kwamba ukiolewa na Ngeli mtazeeka hamjapata hata mtoto mmoja.

Siku ya majaribio wakazi wa jumba zima walijitolea, akiwamo baba yake Semeni, Mzee Kobelo, kiziwi tangu utotoni, aliyekaa ghorofa ya juu kabisa. Moshi wa kuigiza ukafukizwa, king'ora kikalia. Mchukuzi akashusha watoto, akashusha mjamzito kwa uangalifu wa mkunga, hata paka wa Bi Mwasiti akashushwa, kajikunja kifuani. Watu wakapiga vigelegele. Kisha akafika kwenye roshani ya Mzee Kobelo, naye mzee, kanzu imepigwa pasi, akafungua mikono.

Mchukuzi akamzunguka, akachukua kigoda, akashuka nacho. Akarudi, akachukua kikapu cha vitunguu.

Watu walicheka kwanza. Baadaye wakamgeukia Semeni.

Semeni aliyafungua maagizo. Radi ilikuwa imejimalizia sentensi: kiziwi kisichosikia king'ora kibebwe. Neno limeanza na ki, basi ikamtia mzee kapu moja na kiti na kigoda. Naye Semeni aliipitisha sentensi hiyo pamoja na nyingine, maana zilikuwa nyingi na zilikuja zimenyooka.

"Rekebisha hilo moja tuendelee," Chuwa alisema. "Kasoro moja tu, Bi Semeni."

"Hilo moja nimeliona kwa sababu ni baba yangu," Semeni akajibu. "Mengine ni baba za watu."



Semeni akaiweka Radi kando, akaanza upya na Ngeli, baba yake kaketi ubavuni akisoma kwenye kioo cha kompyuta. Kiziwi: a au ki? Semeni akaandika a. Kipofu? A. Kichanga? A. Kiwete, kijana, kikongwe, wote wakaulizwa mmoja mmoja, na kwa kila mmoja alilazimika kumfikiria mtu. Mwisho Ngeli ikauliza: mchukuzi, a au ki?

Hapo akakwama. Mji mzima ulisema mchukuzi kaja. Lakini akiandika a, siku moto ukizidi, mashine ingejihesabu miongoni mwa wenye roho, ikajiokoa. Akamgeukia baba yake na kumuuliza kwa ishara za mikono.

Mikono ya Mzee Kobelo ikasema: "Andika ki, mwanangu. Kigoda kimeshanitangulia. Huyu naye akinitangulia, nitabaki na nani kule juu?"

Semeni akaandika ki. Nje, mchukuzi alikuwa ameganda ukutani, akisubiri kuitwa.