Mkanda wa Shangazi Klara

Yaliyompata rafiki yangu Sostenes, wa Sepuka, sijui niyaiteje. Gari lake la zamani lilinguruma, na shangazi yake Klara alipolisikia tu alitoka hadi barabarani na kuku wa shukrani, kuomba lifti ya kliniki ya presha. Sostenes aliponunua gari la umeme, lisilo na mlio, akawa anapita kimya asisikike. Wiki ya tatu shangazi akafariki, kliniki hajafika.

Sostenes alitoka mazishini peke yake garini, giza likiingia. Mara kengele ya mkanda ikalia: ti, ti, ti. Kiti cha nyuma, kana kwamba kuna aliyekaa bila kujifunga.

"Nisamehe, shangazi."

Akasimama, akaufunga mkanda ule. Kengele ikanyamaza.

Mkanda haukulala kitini. Ulikuwa umetuna, ukipanda na kushuka taratibu.