Mkasi Mzuri na Vijiti vya Sukari

Katika nyumba ya fundi cherehani hakikutupwa kitambaa. Mabaki ya shuka yaligeuka foronya. Mabaki ya foronya yaligeuka leso. Mumewe, fundi saa, alivaa suruali yenye mifuko ya rangi tatu, naye aliivaa kwa heshima zote, kama sare ya jenerali.

Mume huyu alikuwa na kisukari. Kila siku alijidunga insulini, lakini kwanza alipima. Alichomeka kijiti chembamba kwenye mashine ndogo, akatoboa kidole, akagusisha damu. Mashine ikatoa namba. Kijiti kimoja, kipimo kimoja.

Mwezi huo duka la dawa liliishiwa vijiti.

"Njoo wiki ijayo, mama," alisema muuza dawa. Wiki iliyofuata alisema hivyo hivyo.

Nyumbani vilibaki vinane. Fundi cherehani alivitazama kwa jicho la kazi. Akachukua mkasi wake mzuri, ule usioguswa na mtu mwingine, akapasua saba katikati, kwa urefu. Cha nane alikiacha kizima kiwe kielelezo, kama afanyavyo na nguo.

"Mke wangu," alisema fundi saa, "siku moja utanipasua na mimi, upate waume wawili."

"Mmoja ananitosha na kunizidi."

Siku ya pili, saa kumi alasiri, bisibisi ilimdondoka mumewe. Mikono ilitetemeka. Shati lililoa jasho. Fundi alimpima kwa nusu kijiti. Kumi na nne.

"Sukari imepanda," alisema, akaanza kuvuta insulini kwenye sindano.

"Hodi!" Alikuwa nesi jirani, amefuata sketi yake. "Shemeji, mbona jasho hivyo?"

"Imepanda. Namdunga sasa hivi."

"Weka sindano chini, dada. Nionyeshe hicho kijiti." Nesi alikigeuza. "Nani amekikata?"

Fundi aliutazama mkasi, kana kwamba mkasi ndio utakaojibu.

"Kuna kizima?"

Kielelezo kikatolewa. Mbili nukta nane.

"Imeshuka! Leta maji na sukari, upesi!"

Nesi alikoroga vijiko vinne, akamnywesha taratibu. "Kijiti kilichokatwa hakisomi, au kinadanganya. Ungemdunga, sukari ingeshuka zaidi. Angezimia. Huenda asingeamka."

Fundi aliketi sakafuni.

Baada ya robo saa jasho lilikauka. Lakini hakikuwapo kijiti cha kuhakikishia, kwa hiyo nesi aliwapeleka kliniki.

"Mmejiandikisha hapa?" aliuliza nesi baada ya kumpima tena.

"Sisi hununua dukani," alisema fundi.

"Ndiyo maana. Kliniki yetu huagiza vijiti kwa kuhesabu madaftari ya wagonjwa. Shemeji hana daftari, kwa hiyo hahesabiwi. Andikeni kila kipimo kwenye daftari, mje nalo kila mwezi. Vikikaribia kwisha, semeni mapema. Msikate, msingoje."

Wakajiandikisha siku hiyo hiyo. Mwezi uliofuata walipewa kopo zima la vijiti. Fundi alilishonea mfuko wenye kifungo, kwa kitambaa kipya.

Asubuhi mumewe alipima. Sita. Akaandika kwenye daftari.

"Basi," alisema, "umebaki na mume mmoja."

Fundi hakucheka. Aliushika mkono wa mumewe, akauangalia kwa muda mrefu. Haukutetemeka.