Kushuka kwa Lifti

Kila asubuhi ya majira ya baridi, kazi ya kwanza ya Mizuho ilikuwa kufukua mlango. Theluji ya usiku ilirundikana hadi kifuani mwake, naye aliichota kwa sepetu pana na kuitupa upande wa bustani, huku bibi yake akifagia paa la gari. Wakimaliza walikunywa supu, kisha Mizuho akaenda shule na Bibi akaenda kupika kwenye mkahawa wa uwanja wa kuteleza thelujini wa Yanagidaira, mwendo wa dakika tano kwa miguu.

Jumamosi ile hakukuwa na shule, na kufukua kulikuwa na msaidizi. Kanta, binamu yake wa miaka saba, alikuwa amefika juzi kutoka Kagoshima, kusini kabisa mwa nchi, ambako theluji ni nadra. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali akisubiri kujifungua, ndiyo maana aliletwa kwa Bibi. Alifukua theluji kidogo na kula nyingi.

"Kanta! Utagandisha utumbo!" Bibi alimkemea.

"Dada Mizuho kasema hii ya juujuu ni safi!"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Lolote alilosema Mizuho, kwa Kanta lilikuwa kweli tupu. Jana yake alipolia kwa kumkumbuka mama, Mizuho alimwambia mama hana tatizo lolote na mtoto atazaliwa salama, naye papo hapo akafuta machozi. Mizuho alikuwa na miaka kumi na mmoja na hakuwa na mdogo wake wa kuzaliwa naye. Alipenda mno kuaminiwa namna ile. Ndiyo maana mwezi uliopita, Kanta alipomuuliza kwenye simu kama amefaulu mtihani wa daraja la tatu wa kuteleza, alijibu, "Nimefaulu, tena vizuri!" Kumbe alianguka kwenye kona ya nne, mbele ya walimu wote.

Yanagidaira ni kilima kidogo chenye lifti mbili, viti vyake vya watu wawili vikining'inia kwenye waya. Lifti ya chini ni ya watoto na wanaojifunza. Ya juu hufika kileleni, na njia ya kurudi kutoka huko ni mteremko mkali ambao wenyeji huuita Ukuta. Mtoto asiye na daraja la tatu haruhusiwi kupanda huko bila mtu aliyenalo.

"Lifti ya chini tu, mnanisikia?" alisema Bibi, akiingia jikoni mwa mkahawa. "Saa sita mje mle."

Mizuho akaanza kumfundisha Kanta kusimama. Ncha za skii, zile mbao ndefu za miguuni, zikaribiane mbele, nyuma zitengane, zifanye pembe tatu kama tonge la wali analolifinyanga Bibi.

"Tonge! Fanya tonge!" alipiga kelele, na Kanta akasimama kweli, akicheka kwa kujishangaa.

Walipokwisha kuteleza mara tano, Kanta alitazama kileleni. "Dada, kule juu bahari inaonekana?"

"Mbingu ikiwa safi, inaonekana."

"Nyumbani mimi na mama tunaiangalia kila siku kwenye dirisha la jikoni. Nipeleke. Si una daraja la tatu wewe?"

Hapo angeweza kusema. Lakini uso wa Kanta ulikuwa umejaa matumaini, na Mizuho akamshika mkono, wakaelekea lifti ya juu.

Kwenye lifti ya juu alisimama Mzee Tsukamoto, ufagio mkononi. Alifagia theluji kwenye kila kiti kabla mtu hajakaa, na kila mtu alimsalimia, hata kama alikwisha kumsalimia mara kumi siku hiyo.

"Mizuho, daraja la tatu unalo?" aliuliza.

"Analo!" Kanta akadakia.

Mzee alimtazama Mizuho, akingoja jibu lake.

"Ninalo," Mizuho alisema kwa sauti ndogo.

"Hongera basi. Mshike mwenzako vizuri." Akawafagilia kiti.

Kileleni, mbali chini ya mawingu, bahari ilionekana, mstari mmoja wa kijivu. Kanta akaupungia mkono. "Mama, mimi sijambo!" Mizuho nusura alie.

"Haya, tushuke," Kanta alisema. "Tangulia, nakufuata nyuma."

Mizuho alisogea hadi ukingoni. Ukuta ulianza ghafla. Mbele ya viatu vyake hakuona theluji, aliona tu paa la mkahawa, dogo kama kiberiti. Akawaza kushuka kiubavu, polepole, labda wangefika. Akageuka nyuma. Kanta alikuwa amekwisha kupanga skii zake, anacheka, hana hofu hata chembe. Hakuogopa kwa sababu yuko na dada yake. Hilo ndilo lililomtisha Mizuho kuliko Ukuta wenyewe.

"Kanta, rudi nyuma. Usisogee."

"Kwa nini?"

"Sikufaulu. Nilianguka kwenye mtihani. Nilikudanganya kwenye simu, na sasa hivi nimemdanganya Mzee Tsukamoto. Siwezi kukushusha hapa."

Tabasamu lilimpotea Kanta usoni. Akauliza taratibu, "Na ile ya mama? Kwamba hana tatizo? Nayo uliongopa?"

Mizuho alihisi kama amepigwa kofi. "Hiyo sijui, Kanta. Nilitaka tu usilie. Bibi ndiye anayeongea na hospitali. Tukamuulize pamoja."

Akamshika mkono hadi kwenye kibanda cha lifti, ambako dada mlinzi alipiga simu chini na kumpa Mizuho aongee mwenyewe.

"Mzee, ni Mizuho. Nilikuongopea. Sina daraja la tatu. Tumekwama huku juu."

"Kuna aliyeumia?"

"Hapana."

"Haya. Nitapunguza mwendo. Mtashuka kwa lifti."

Kushuka kwa lifti! Watoto wa Yanagidaira afadhali wavunjike pua kuliko aibu hiyo. Unapita ana kwa ana na kila anayepanda, kiti baada ya kiti, na kila mmoja anakutazama usoni. Na kwenye kiti cha tatu kutoka chini, nani mwingine? Gaku, wa darasani kwake.

"We Mizuho! Umesahau kushuka, au kilele kimekukataa?"

Jibu lilikuwa limekwisha kufika mdomoni: kiatu kimeharibika. Lakini kando yake Kanta alikuwa anamtazama.

"Sina daraja la tatu!" Mizuho alipaza sauti. "Nilimdanganya Mzee nikapanda! Sasa nashushwa!"

Viti vikapishana. Kanta akajisogeza karibu yake kidogo.

Chini, Mzee Tsukamoto alisimamisha lifti kabisa na kumnyanyua Kanta kitini. Hakugomba. Alimwachia mwenzake ufagio, akawapeleka hadi mkahawani, na Mizuho akamweleza Bibi yote, huku machozi yakimtiririka.

Bibi alizima jiko na kumpakata Kanta. "Nimeongea na mama yako asubuhi. Miguu imemvimba na amechoka, daktari hataki atembee. Lakini anakula, na moyo wa mtoto unapiga vizuri. Nikijua jipya, nitakwambia vilevile lilivyo."

Kanta alifikiri. "Amekula nini?"

"Uji, na tufaha zima."

"Basi afadhali," alisema, akashusha pumzi.

Mzee Tsukamoto alimgeukia Mizuho. "Unadhani nilikuuliza daraja ili nijue wewe ni hodari?"

"Ndiyo, Mzee."

"La. Nauliza ili nijue nani nimwangalie, na nani nimtumie mtu wa kumsubiri juu. Kule kileleni mimi sifiki, natumia jibu lako kama macho. Ukinidanganya, umenifumba macho. Na huyu mdogo wako naye anatumia hayohayo." Akamwinamia Bibi. "Hata mimi nimekosa. Nilipaswa kudai cheti. Nisamehe." Kisha, kwa sauti ya upole zaidi, "Mizuho, ulikosea, lakini ulisema kweli kabla hajaumia mtu. Ile ya kumwambia Gaku niliisikia mpaka huku chini. Kesho sema mapema zaidi, ndiyo tu."

"Na wiki nzima hupandi lifti," Bibi akaongeza. "Utaosha vyombo hapa."

"Ndiyo, Bibi."

Kanta alinyoosha miguu. "Dada, nivue viatu. Vinanibana tangu asubuhi. Sikusema, nilidhani utanicheka."

Mizuho alipiga magoti, akalegeza vifungo kimoja kimoja. Vidole vya mdogo wake vilikuwa vyekundu na baridi. Akavifunika kwa viganja vyake viwili.

"Vikibana tena, niambie."

"Na wewe uniambie," alisema Kanta.