Nani Kaifungia Kompyuta ya Saliha?

Kompyuta mpakato ilikutwa juu ya meza ya sebuleni, kinywa wazi, taa zinawaka, lakini mtandao hamna. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, Jumamosi, mtaa wa Buyenzi.

Aliyeikuta ni mwenyewe, Saliha, binti wa miaka ishirini na mmoja. Alipiga ukelele mmoja tu, ukatosha.

Inspekta Huguette wa polisi ya upelelezi, mpangaji wa nyumba ya nyuma katika lupango lile lile, ua mmoja wa nyumba kadhaa, alikuwa kwenye siku yake ya mapumziko. Aliiacha sare ndani ya beseni, akaja mbio na povu la sabuni mpaka viwikoni.

"Nani amekufa?"

"Mi, afande! Mi ndiye nimekufa!"

Mambo yalikuwa hivi. Saa nne kamili, walimu wa chuo cha ukunga huko Dakar wangempigia Saliha kwa video. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Barua yao ilisema wazi: kwa kompyuta, si kwa simu, na asiyeonekana kwa wakati, nafasi yake anapewa mwingine. Na intaneti ya simu pale mtaani asubuhi ile ilikuwa inapumua kwa shida.

"Mara ya mwisho ilishika wifi saa ngapi?" aliuliza Huguette.

"Saa moja na nusu. Picha safi, sauti safi. Nikaenda kuoga, nikapiga pasi nguo. Kurudi, kimya."

"Nani ameigusa?"

"Hakuna. Mulango nilifunga, ufunguo nilikuwa nao mi."

Huguette alifuta mikono kwenye kitenge chake, akakagua eneo la tukio. Modemu ukutani: taa zote kijani. Akawasha simu yake, aliyokuwa ameizima ili apumzike kweli. Wifi ikaingia hapo hapo. Basi modemu ilikuwa hai. Aliyeumizwa ni kompyuta peke yake.

"Andika neno la siri upya. Herufi moja moja, usikimbie."

Saliha akaandika. Kompyuta ikazunguka, ikazunguka, ikakataa.

"Iambie isahau hiyo wifi kabisa, kama haijawahi kuiona. Halafu uizime, uiwashe."

Ikasahau. Ikazimwa. Ikawashwa. Ikakataa tena. Saa tatu na dakika arobaini na tatu.

Huguette akakaa kwenye mkono wa kochi. "Sikia kitendawili, mudogo wangu. Nyumba iko wazi, wapangaji wote wanaingia. Mumoja ana ufunguo wa kweli kabisa, na yeye peke yake anabaki inje. Ni nini?"

Saliha akajifuta machozi. "Kuna mutu nyuma ya mulango anamusukuma?"

"Voilà. Hii si ugonjwa. Hapa kuna mukono wa mutu."

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa Uthmani, mjomba wa Saliha, fundi wa magari, mtu wa kutazama mpira kwenye simu mchana kutwa. Alikutwa uani, miguu imejitokeza chini ya gari.

"Toka huko."

"Niko na grisi, afande."

"Toka na grisi yako. Tangu saa moja na nusu, uligusa modemu?"

"Mi? Hata simu yangu nimeitoa kwenye wifi saa mbili. Mama alituamuru. Alipita mulango kwa mulango: leo wote mutoke, njia iwe nyeupe kwa mutoto."

"Na yeye anajuaje nani ametoka, nani amebaki?"

Uthmani akajikuna pua, grisi ikabaki pale. "Fundi wa wifi alimuwekea kitu kwenye simu yake. Anatuona wote."

Huguette hakungoja zaidi.

Bibi Waridi, mama yake Uthmani, alikuwa jikoni anachambua mchele kwenye ungo, simu ameiegemeza kwenye sufuria.

"Hodi, Bibi."

"Karibu, mwanangu. Umekuja juu ya ule mwizi?"

"Mwizi gani?"

"Nimemukamata mwenyewe. Ikala," alisema Bibi, akamsogezea kigoda.

Bibi Waridi ana sheria moja ya wifi: kila chombo kinachoingia kwake kiandikwe jina la mwenyewe, maana yeye halishi mtu asiyemjua. Kwenye orodha yake walikuwemo Uthmani Garaji, Mama Orlane, Afande wa Nyuma. Kila asubuhi aliwasoma mmoja mmoja, na asiyeonekana alitumiwa mtu kuuliza kama anaumwa.

"Saa mbili wote wametoka, nikafurahi," alisema Bibi. "Kutazama vizuri, mumoja kabaki. Kakaa tu! Wiki ya tatu anakula wifi yangu, na hajaja hata siku moja kuniamkia. Nikasema leo, siku ya mujukuu wangu, apana! Nikabonyeza penye nyekundu. Nikamufungia inje."

"Jina lake?"

"Bahizire."

"Kuna Bahizire hapa kwetu?"

"Hamna. Nimeuliza barabara nzima."

Mlangoni, Uthmani, aliyekuwa amekuja nyuma ya Huguette, akakohoa.

"Uthmani," alisema Huguette bila kugeuka. "Kompyuta ya Saliha ulinunua wapi?"

"Uvira, ng'ambo ya mpaka."

"Lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Kwa nani?"

Uthmani akatazama viatu vyake. "Kwa mwalimu mumoja. Mutu muzuri tu. Bwana... Bahizire. Nilisahau kubadilisha jina la kompyuta."

Ungo ulianguka, mchele ukatawanyika hadi chini ya kabati.

"Yaani nimemufungia Saliha wangu?"

"Kwa kidole chako, Bibi."

"Nakiri! Nilitaka njia yote iwe yake peke yake, asikatikekatike mbele ya wale walimu. Nitie pingu, afande, lakini kwanza nionyeshe pa kufungulia!"

Huguette alibonyeza. Sebuleni Saliha akapiga ukelele wa pili, huu wa raha. Saa nne kasoro dakika tatu.

Dakika arobaini walisimama wote watatu kwenye korido. Uthmani alikatazwa hata kupiga chafya.

Mlango ulipofunguka, Saliha alikuwa anacheka na kulia. "Wamenichukua! Naanza mwezi wa kumi!"

Bibi Waridi alipiga vigelegele mpaka Mama Orlane akaitikia ng'ambo ya ukuta. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Uthmani, oga. Unakwenda Uvira."

"Kufanya nini, Mama?"

"Kumuomba Bahizire musamaha. Asubuhi nzima nimemusema kwa majirani, na mwalimu wa watu hajui lolote. Mwambie kesho aje ale."