Gauni la Mwanamke wa Kwenye Kadi

Gauni la Martina lilianikwa juani siku tatu pale Mlali, na halikukauka. Mama yake, Bernadeta, fundi cherehani aliyejiona hana mpinzani, alilikamua mara ya nne, akalamba kidole. Maji yalikuwa ya chumvi.

Mshono ule aliutoa kwenye kadi. Miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kumiminika, alinunua kopo la nyuzi kuukuu, akakuta ndani kadi ya tangazo ya zamani sana: mwanamke wa Kizungu amesimama ufukweni, gauni la mistari lenye kola ya baharia, mkononi ameshika uzi. Akaibandika ukutani, pamoja na picha ambazo wateja huchagulia mishono. Katekista Laurenti alimweleza kwamba hiyo ni nguo ya kuogelea. Wenye kiwanda cha uzi walimchora vile ili watu waamini uzi wao hauozi majini.

"Lakini mtazame, mama Martina. Mkavu. Walimvisha nguo ya maji, maji yenyewe wakamnyima."

Bernadeta alimwambia asimletee nuksi, akamshonea bintiye wa pekee gauni la Pasaka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya Pasaka Martina alilivaa hivyo hivyo likiwa bichi, na halikuvulika tena. Lilimganda mwilini, chumba kikanuka samaki waliooza. Mganga, mzee Agustino, aliitwa, akamuuliza jini anataka nini. Sauti iliyotoka kinywani mwa binti ilikuwa ya mtu mzima, imejaa chuki.

"Miaka mia nimesimama ufukweni nikiuza uzi wa watu. Leo naoga. Huyu akizama, shauri yenu."

Mto ulikuwa umefurika kwa masika, na Martina hajui kuogelea, naye akainuka akatoka, watu wanne wakamng'ang'ania akawaburuta katikati ya maharage kama matambara, maji yakimchuruzika miguuni, huku Agustino akinong'ona kwamba jini huyu hatoki mpaka aoge, na mngurumo wa mto ukizidi kusogea.

"Mwache mwanangu," Bernadeta alisema. "Aliyekushonea ni mimi. Oga na mimi."

Gauni likateleza lenyewe. Bernadeta akalivaa, likimbana kila mahali, akaingia mtoni, akazama. Walikwisha kuanza kulia alipoibuka mbele kidogo kufuata mkondo, mzima, akapanda ukingoni.

Martina alimkimbilia, akamkumbatia kwa nguvu zote, akiita mama, mama. Bernadeta akaibandua mikono ile taratibu, akamtazama usoni kwa muda mrefu.

"Wewe ni mtoto wa nani?" akauliza, kwa sauti isiyo yake.