Kwa Nini Uliandika Agnew?

Jumanne ni siku ya chemsha bongo, na baa ya Rhonda mjini Indianapolis ilikuwa imefurika. Corinne, msoma maswali, alisimama na maikrofoni yake, gauni la kijani limemkaa sawasawa, akauliza, "Makamu gani wa rais aliapishwa nje ya Marekani?"

Watu wa Indiana hujisifu kwamba makamu ndio zao lao baada ya mahindi, lakini hapo kila mtu alikuna kichwa. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia jamaa mrefu mwenye sare ya mafundi wa lifti.

"William King!" akaropoka. "Aliapishwa Cuba, anaumwa kifua kikuu. Akarudi kwao, kesho yake akafa."

Wacha wamzomee! Majibu huandikwa kwenye karatasi, hayapayukwi.

"Kaka, umeniulia swali," alisema Corinne.

"Samahani, dada. Mimi nilifuata sandwichi tu."

Alikaribishwa meza ya waliopungukiwa mtu. Jina lake Emmett. Wiki ya pili akaomba namba ya simu, na ya tatu wakatembea kando ya mfereji, Emmett akimsimulia Calhoun, makamu wa kwanza kujiuzulu. Saa nzima, Calhoun tu!

"Wenzako huleta maua," Corinne alicheka, "wewe unaniletea Calhoun."

"Maua hunyauka, mpenzi."

Jamani, Corinne alimpenda. Mchana akipata nafasi ya kula, simu ya kwanza aliyopiga ilikuwa kwa Emmett.

Tatizo ni kwamba meza ya Emmett ilishinda Jumanne tano mfululizo. Minong'ono ikaanza kwamba anapewa majibu na mchumba. Corinne hakuwa amempa hata herufi. Hata hivyo, Rhonda alimwambia waziwazi, "Nikisikia tena, maikrofoni utaiacha." Corinne akamweleza Emmett, roho inamuuma, maana aliipenda kazi ile.

Jumanne iliyofuata aliuliza, "Makamu gani alikuwa wa kwanza kujiuzulu?" Alipokusanya karatasi, ya Emmett ilisema Agnew. Huyo alijiuzulu miaka zaidi ya mia baadaye! Corinne alihisi uso unawaka.

Kesho yake alimpigia. "Kwa nini uliandika Agnew?"

"Nilisahau, mpenzi."

"Usinidanganye, Emmett!"

Emmett akashusha pumzi. "Nilitaka wanyamaze. Upoteze kazi kwa ajili yangu?"

"Nani kakuomba? Leo unajifanya mjinga kunisitiri, kesho utasifu mchuzi wangu huku unautema. Nitajuaje lini unaniambia kweli?"

Akakata simu. Emmett alipiga siku nne, hakupokelewa, akaacha. Baani pia hakuonekana. Wiki mbili zikapita, na Corinne akagundua kwamba hasira zimekwisha ila hamu ndiyo kwanza inaanza. Alikula mchana akiikodolea simu. Mwishowe akapiga mwenyewe.

"Nimekukumbuka, bwana wee."

"Mimi zaidi. Nisamehe, Corinne."

"Njoo Jumanne. Ila usije kunisaidia. Njoo tu."

Alikuja, shati limepigwa pasi, macho chini. Corinne alishika maikrofoni.

"Mmesema sana, sasa nisikilizeni. Huyu mwanamume ni wangu, na sijampa jibu hata moja. Lakini siwezi kuuliza maswali na kumpenda anayejibu. Rhonda, shika maikrofoni yako."

Akaenda kuketi meza ya Emmett.

"Wewe! Na kazi yako?"

"Nyamaza, lete penseli."

Walikwenda vizuri hadi swali la mwisho. Rhonda aliuliza ni makamu gani aliyetumikia jeshini kama askari wa kawaida akiwa bado madarakani. Corinne hakusubiri mtu. Akaandika Johnson, akapiga mstari chini yake.

Emmett alitazama karatasi. Akaisogeza karibu. Corinne alimwona, akatulia, kwa sababu hapo ndipo angejua kama mwanamume huyu atamfaa au la.

"Hapana, mpenzi," Emmett alisema polepole. "Umekosea."

"Una hakika?"

"Kabisa. Ni Hamlin, makamu wa Lincoln. Alikwenda kambini, akapangiwa jikoni kupika. Johnson siyo, umekosea."

Corinne alifuta Johnson, machozi yanamlengalenga, akambusu mbele ya meza zote.

"Rudia," alimnong'oneza.

"Nirudie nini? Kwamba umekosea?"

"Hapohapo, mpenzi wangu. Tena kwa sauti."