Hodi Kisimani

Ishaq, rafiki yangu wa Al Khuwair huko Uarabuni, alinisimulia kisa hiki mwaka 1998. Binamu yake Maan alitaka kufukia kisima cha kale cha ngazi shambani kwao, naye Ishaq akaenda kuzipiga picha nakshi zake ili akiokoe. Zilichongwa kabla mtu yeyote wa ukoo wao hajaijua Unguja.

Kwa mazoea ya nyumbani Unguja, Ishaq alipiga hodi kabla ya kushuka.

"Wampigia nani hodi? Vyura?" Maan alimcheka.

Gizani chini maji yakatikisika. Sauti ya kike ikajibu kwa Kiswahili, "Karibu, mwanangu."

Ishaq alidhani Maan kaficha mtu, akamgeukia. Maan alikuwa keshaanza kurudi kinyumenyume.

Kisima kilifukiwa, na Ishaq hakukitetea. Wote wawili wangali hai. Aliyeitikia hodi, sijui nimhesabu wapi.